Ghasia ya Siku ya Posa

Kila nikisikia mtu akisema "hii ni ghasia," mwanangu, nakumbuka siku watu wa mchumba wangu Wafula walipokuja mtaani kwetu Rhonda kuniposa.

Walitoka Elburgon, wazee waliomaliza ujana wao kwenye kiwanda cha mbao. Baba aliongea polepole, maana kwetu mbele ya wakwe hupazi sauti. Wageni, waliokaa ng'ambo ya chumba kama ilivyo desturi, wakajibu kwa kupayuka, wote kwa pamoja: "Ati nini? Sema tena!" Baba akazidi kushusha sauti, nao wakazidi kupaza. Mimi nilikuwa jikoni na sufuria ya chai, nikiyasikia yote. Wafula nilimpenda, na nilimwona akiniponyoka hivi hivi.

Mwishowe baba akasimama. "Hii ni ghasia gani kwa nyumba yangu? Nyinyi mmekuja kunitusi. Rudini kwenu!"

Aliyemshika mkono ni shangazi yangu, ambaye mumewe, mfanyakazi wa reli, alikaa naye Mombasa miaka mingi.

"Kaka, kaa chini. Majirani zangu kule waliniambia neno hilo la ghasia lilikuja na Waarabu, na kwao ni kitu kinachofunika kingine. Hebu tufunue kwanza, tuone kuna nini chini."

Akaburuta viti vya wageni hadi magoti yao yakagusana na ya baba. Akamwinamia mkubwa wao sikioni. "Mzee, sasa unasikia?"

"Sasa nasikia, mathe! Msumeno ulitumaliza masikio. Tulidhani huyu mzee anatunong'oneza!"

Baba alicheka hadi akafuta machozi. Chai ilinywewa yote, nikaongeza nyingine.

Kama neno kweli lilitoka huko, sijui. Mimi si mwalimu. Ila nimelishika, kwa sababu limenilinda katika ndoa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu, na baba nusura aimwage tamu yangu. Ukisikia makelele, mwanangu, usikimbilie kukasirika. Sogeza kiti, uulize. Huenda mtu hana ubaya wowote, hajakusikia tu.

Huyo unayemsikia akifoka huko nje ni Wafula wangu, naye sasa hasikii vizuri, anaitisha chai. Naenda kumwambia sikioni kwamba iko tayari. Nawe Mungu akujalie nyumba yenye kelele, na mtu ambaye hutachoka kumsogelea.