Kuruka Ndani ya Jipu

Asubuhi hii, huku mtaani Shari, mwenye pikipiki amefunga kabati langu juu ya pikipiki yake kwa kamba za mpira, zile zinazokatwa kwenye mipira ya ndani ya tairi kuukuu. Harufu ile ikanirudisha kwa papa, baba yangu.

Kazi yake ilikuwa kusafirisha majipu, yale magari ya jeep, juu ya remorke, tela linalovutwa na lori. Akimaliza kukaza minyororo, alifunga kila ncha kwa mpira kama huo, kisha akaniita, mimi binti yake mdogo: "Mama, panda mule ndani, uruke!"

Niliruka juu ya kiti mpaka meno yakagongana. Yeye aliweka kiganja kwenye remorke, macho ameyafumba.

"Jipu ikicheza yenyewe, haiyafungwa muzuri. Ikicheza pamoja na remorke, niko naenda."

"Mama, tuende?" mwenye pikipiki ananiuliza.

Nimeweka kiganja juu ya kabati, macho nimeyafumba. Nangojea mtu aruke.