Sweta la Bi Taratibu

Wanafunzi wa maabara ndio waliombandika jina la Bi Taratibu, nalo likamkaa. Mama huyu hakuharakishwa na mtu. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuyeyusha metali laini ndani ya mafuta ya moto, kuitikisa kwa mashine mpaka ivunjike vitone visivyoonekana kwa macho, kisha kuviacha vigande. Vikipoa polepole, atomu zake hujipanga safu kwa safu, fuwele safi. Vikipozwa haraka, kila atomu hugandia ilipo, shaghalabaghala, kama watu waliokatikiwa umeme ukumbini kabla hawajapata viti.

Basi akaja mkuu mpya, kijana wa suti na maneno mengi. Siku ya kwanza tu akakuta chupa ya mafuta hayo ya moto imevishwa sweta kuukuu la kahawia, limetoboka kiwiko.

"Mama, hii ni maabara au kwa dobi?"

Sweta likaishia pipa la taka. Kesho yake akamwambia mkataba wake ukiisha Ijumaa hataongezewa, maana kuna mashine ya kupoza kwa dakika mbili.

Bi Taratibu aliumia, tusidanganyane. Kitindamimba wake alikuwa bado chuoni, na kazi yenyewe aliipenda mno. Lakini alivuta kiti, akatazama.

Jumatano picha ya eksirei ya vitone vya mashine mpya ikatoka ukungu mtupu, hakuna safu wala dalili yake. Alhamisi, ukungu tena. Na wafadhili walikuwa wanakuja Ijumaa saa nane kuziona hizo fuwele!

Ijumaa asubuhi mkuu aliingia tai imelegea. "Mama, nisaidie. Mlikuwa mnafanya nini ambacho hamkukiandika?"

"Hatukuandika?" Akamsogezea daftari la maabara.

Mkuu akafunua. *Visha chupa sweta, dakika arobaini, usiguse.* Ukurasa wa pili, vilevile. Miaka kumi na mmoja, mwandiko uleule, na chini yake saini za wakuu wanne. Ya tano ilikuwa yake mwenyewe, ya siku aliyoripoti.

"Sweta liko wapi?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Si wewe uliyeliona mwisho?"

Mkuu akavua koti la suti. Bi Taratibu akalivisha chupa iliyotoka motoni, akaifunga kwa mikono ya koti, kisha akachomoa karatasi mkobani.

"Tuna dakika arobaini, mwanangu. Mkataba wangu mpya huu hapa. Safari hii soma kwanza, ndipo usaini."