Mkwe Wangu Mchambuzi na Somo la Ukaguzi

Mume wa binti yangu ni mwalimu wa Kiingereza, na mtaa mzima humwita Mchambuzi. Jina hilo alilipata baada ya kwenda kozi wakati wa likizo, akafunzwa kupasua lugha vipande vipande ili eti aifundishe vizuri. Aliondoka mtu, ikarudi kero.

Ukimwambia chai inapoa, hanywi. Anataka kwanza mjadiliane umetumia wakati gani, nani mtenda, nani mtendwa. Mimi kuandika kwenyewe naandika kwa shida, lakini chai iliyopoa naijua.

"Mama," aliniambia siku moja, "wewe unaongea bila kujua unavyoongea."

"Na wewe unajua unavyoongea, ila huna la kusema."

Binti yangu akajifanya anakohoa.

Basi chuo cha ualimu kikawa kinatafuta mkufunzi, na kazi yenyewe ina nyumba. Binti yangu analea watoto wanne kwenye vyumba viwili, na mimi juu yake. Alishapita nje ya uzio wa nyumba ile akapima madirisha kwa macho, apate kujua mapazia yatakayotosha. Lililobaki ni somo moja tu: mkaguzi akae nyuma ya darasa, amtazame bwana akifundisha.

Siku ya somo hilo bwana akasahau chaki zake za rangi mezani nyumbani. Nikazipeleka mimi, kwa magoti haya haya. Nilipofika dirishani, tai imemkaba shingo, ubao umejaa mishale utadhani anapanga vita. Mkaguzi, mama mmoja wa miwani, ameshika tama.

Kiingereza sikijui, lakini macho ninayo. Msichana wa dawati la mbele alisimama, mkono tumboni, uso umempauka, akasema maneno machache kwa Kiingereza. Mchambuzi alifurahi kama aliyeokota dhahabu! Akayaandika maneno ya mtoto ubaoni, akayapigia mistari, akawauliza wenzake neno hili lina kazi gani, lile linategemea lipi. Mtoto akayarudia. Bwana akamwashiria asubiri.

"We baba, mtoto anaumwa!" nikapaza sauti dirishani.

"Mama, tafadhali! Tuko katikati ya sentensi!"

Hapo mtoto akatapika, yote juu ya kiatu cha bwana.

Mkaguzi ndiye aliyemtoa nje. Tukamnawisha bombani, mimi na yeye.

"Mwalimu yule ni mwanao?" akaniuliza.

"Ni mume wa binti yangu. Mimi sikuzaa hivyo."

"Mtoto ameomba ruhusa atoke atapike. Tena ameomba kwa Kiingereza safi." Akatikisa kichwa. "Mtu kama huyo nimpe walimu awafundishe?"

Akachukua mkoba wake, akaondoka bila kurudi darasani.

Jioni binti yangu alimpokea mumewe mlangoni. "Wamesemaje?"

"Uchambuzi wangu haukuwa na kosa hata moja," akajibu, kiatu mkononi.

"Nimekuuliza nyumba, baba watoto."

"Sasa hapo, swali lako lina sehemu mbili..."

Hakumngoja amalize. Alikunja shuka lake, akaja chumba chetu, akajibana katikati ya wanawe. Hata pa kugeukia hatukuwa napo. Bwana akabaki na chumba kizima peke yake, na kupitia ukutani tulimsikia bado anaeleza.