Kwapa la Mteja na Chanjo ya Kideri

Umeme wa Kasulu ulikatika jana yake mchana, ukarudi asubuhi. Shangazi yangu, mwenye duka la dawa za mifugo, akanipigia nikiwa Kibondo: "Njoo na hiyo kompyuta yako. Chanjo kama imeharibika niimwage, kama haijaharibika niuze. Kideri kimeshaingia Kabanga, kuku wanakufa."

Ndani ya friji yake kuna kifaa cha mtumba kinachorekodi joto. Kilikuja bila programu wala maelezo. Kinachotoka humo ni baiti tupu, namba zinazofuatana bila jina wala nafasi.

Nilipofika, kwenye benchi alikuwa amekaa mama mmoja wa Kabanga, kikapu mapajani, akisubiri chanjo ya kuku wake.

"Nipe saa moja," nikamwambia Shangazi.

"Nusu."

"Dakika arobaini, na chai."

"Arobaini. Chai utakunywa ukimaliza."

Nilikubali kwa kuwa najua sitaandika mengi. Katika Rust, lugha ya kuandikia programu, mimi naeleza muundo tu, na huu niliukisia: baiti nne za muda, mbili za joto, moja ya betri. Naweka alama juu yake, na programu ya kuusoma inajitunga yenyewe. Nikahesabu baiti za faili, nikarudia: zinagawanyika kwa saba bila baki. Nikaendesha. Ikasema friji ilifika nyuzi elfu kumi na tisa na ushei.

"Basi mimi nauza jua," akasema Shangazi.

Baiti mbili za joto zilikuwa zimepangwa kinyume cha nilivyodhani. Nikabadilisha neno moja kwenye muundo, programu ikajitunga upya. Safari hii joto la juu kabisa lilikuwa 76, na hapo ndipo penye kesi. Kama kifaa kinahesabu sehemu za kumi za sentigredi, hiyo ni saba nukta sita. Chanjo inavumilia mpaka nane, kwa hiyo ni nzima. Kama ni farenhaiti, ni kama ishirini na nne za sentigredi, joto lile lile la dukani, na chanjo imeshakuwa maji. Muundo unaonyesha baiti inakaa wapi. Maana yake utaitafuta mwenyewe.

"Nataka kitu ambacho joto lake tunalijua," nikasema.

Mama wa Kabanga akanyoosha mkono. "Lete. Kuku wangu, kwapa langu."

Akakibana kile kifaa kwapani. Shangazi akamkataza kucheka kisije kikadondoka. Tukasubiri, nikakichomeka tena kwenye kompyuta: 365. Nikasoma mara ya pili: 365.

"Thelathini na sita na nusu," nikasema. "Kingekuwa cha farenhaiti kingesema tisini na kitu. Shangazi, uza."

Akafungua friji, akatoa chupa, akaizungushia barafu.

"Ego, ndiyo, asante," akasema yule mama akianza na Kiha chake, mkono bado haujagusa pochi. "Na kwapa langu mnalipunguzia kiasi gani?"

Shangazi hajawahi kunipunguzia bei hata mimi, damu yake. Yule mama akapunguziwa. Mimi nikaletewa chai.