Ng'ombe Aliyerudisha Kumi na Nane

Jumapili nilikuwa Katesh nasubiri basi la Mbulu, nikavutwa na kelele za uwanjani. Fainali ya kugombea mbuzi, bao moja kwa moja, dakika za mwisho. Beki kamkwatua mshambuliaji, nusu ya uwanja inapiga kelele: "Ndani ya kumi na nane! Penalti!"

Refa akainama kuutafuta mstari wa kumi na nane. Haupo!

Kumbe chokaa iliisha, mchora mistari akamalizia na magadi, chumvi ambayo ng'ombe huipenda. Wakati wa mapumziko, ng'ombe wa mama mmoja aliyekuja kutazama mpira wakaulamba wote.

"Shikamoo mama," refa alisema.

"Marahaba."

"Naomba yule aliyelamba zaidi."

Akaletwa mtamba mwekundu. Akanusa, akatoa ulimi, akaanza kulamba udongo polepole akifuata ladha ya magadi iliyobaki, amenyooka kuliko mchora mistari mwenyewe. Alipofika palipochimbwa na viatu vya beki, kila mtu aliona: shimo liko upande wa goli. Penalti! Ikafungwa! Nikakumbatiana na watu nisiowajua, basi likaniacha.

Kocha aliyefungwa akamfuata yule mama. "Hawa ng'ombe ni wa timu gani?"

"Ni wa kipa wako," akajibu. "Nami ndiye mama yake."

Nimesimama mbele ya meza nyingi za ofisi, nikaona mistari inavyopinda ikikaribia ndugu wa mwenye meza. Ulimi wa mtamba yule ulinyooka mpaka mlangoni kwao.