Kofia ya Abiria

"Dada, kama inanuka, ishike tu mkononi," dereva wa bodaboda ananiambia hapa stendi, akinipa kofia ngumu. Naipeleka puani. Ni harufu ileile: jasho la watu wengine na mafuta ya nywele yaliyochacha.

Siku ile ya utotoni mwangu mama alikuwa ametoka kusukwa. Tulikuwa tunakwenda harusini Matai kwa bodaboda, mimi nimekaa katikati, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya asubuhi. Dereva alimpa mama kofia ngumu. Mimi ndiye niliyeinusa kwanza, nikakunja uso.

"Mama, inanuka! Itakuharibia nywele."

Mama akacheka, akaitundika mkononi kama kikapu.

Kwenye kona yenye kokoto pikipiki iliteleza. Mimi niliangukia juu ya mama, sikuchubuka hata kidole. Yeye kichwa chake kiligonga jiwe. Kofia ilikuwa bado inaning'inia mkononi mwake.

Wanawake waliomwosha kabla ya mazishi walisema nywele zimempendeza, hata msuko mmoja haujafumuka. Walidhani wananifariji.

Naivaa kofia, nakaza mkanda mpaka kidevu kinauma. Watu huniambia nilikuwa mtoto tu. Ndiyo, nilikuwa mtoto. Lakini mama alinisikiliza.