Kiranja wa Sketi Mia Mbili

Kwa miaka arobaini na moja Bibi Chaki ameshona sare, na haijarudi hata sketi moja kwa kuwa fupi. Jina hilo alilipata kwa kipande cha chaki kisichobanduka sikioni, hata akienda harusini. Masomo yake yaliishia darasa la saba, lakini usimdharau: alikuwa kiranja.

Asubuhi ile, karakanani, mikasi ilikuwa imelala ikisubiri vipimo. Shule ilitaka upindo wa sketi uwe sentimita tano badala ya tatu, na mjukuu wake ndiye aliyetengeneza programu ya Python inayochapa karatasi za vipimo. Binti huyo aliubadilisha upindo, karatasi ya kwanza ikatoka na tano. Zote zilizofuata, tatu. Msimamizi wa karakana akasema ikifika saa nne hali ni hiyo hiyo, kompyuta irudi ilikotoka, mafundi warudi kwenye daftari.

Mjukuu, jasho likimtoka, akamweleza bibi yake kwamba kwenye programu sketi zote ni za darasa moja, yaani class, na upindo ni mali ya darasa.

Bibi Chaki akainua kichwa. Neno darasa alilijua.

"Na hiyo tano umeiandika wapi, mke mwenzangu?"

"Kwenye sketi, Bibi. Ile ya kwanza."

"Basi umeandika kwenye daftari la mwanafunzi mmoja. Sisi shuleni tarehe iliandikwa ubaoni, na mwandishi alikuwa kiranja. Wengine waliinua macho tu wakasoma. Kiranja wako yuko wapi?"

Binti akaanza kucheka peke yake. Akaifuta ile tano ya daftarini. Akaandika amri ya darasa lenyewe, ile waandishi wa programu wanayoiita classmethod, yenye kazi moja: kuliwekea darasa upindo wake kabla sketi ya kwanza haijaundwa.

Mashine ikatema karatasi. Tano. Tano. Tano, mpaka ya mia mbili.

Msimamizi akazipekua, akauliza nani kairekebisha.

"Kiranja," akajibu mjukuu.

Bibi Chaki akataka aonyeshwe. Akavaa miwani, akasogeza kidole kwenye kioo herufi kwa herufi, na kweli, amri ile iliitwa kiranja. Akachomoa chaki sikioni, akatandika kitambaa, akapiga mstari ulionyooka kama reli.

Saa tatu na nusu, mikasi yote ilikuwa inalia.